Mimba ya wiki 30, trigliseridi 5.2 na kolesteroli 7.9: naombeni ushauri

Mama Kijacho

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri, hasa kwa waliopitia hali hii au wanaofanya kazi kliniki.

Hii ni mimba yangu ya pili, ina wiki 30. Juzi nilikwenda kutoa damu kwa vipimo vya kawaida. Fundi wa maabara akaniita dirishani akanionyesha kichupa changu baada ya kuzungushwa kwenye mashine. Chini damu nyekundu imetuama, ila juu, pale panapokaa yale maji ya manjano, palikuwa na ukungu mweupe kama maji yaliyosuuzia chombo cha maziwa. Akasema anaongeza kipimo cha mafuta. Majibu haya hapa, yote kwa milimoli kwa lita: kolesteroli yote 7.9, LDL (ile kolesteroli inayoitwa mbaya) 3.8, HDL (inayoitwa nzuri) 1.7, trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu) 5.2. Karatasi imejaa mishale ya kwenda juu. Sukari ya mimba nilipimwa wiki ya 26 ikawa salama. Presha 118/74.

Nilipofika nyumbani kila mtu akawa daktari. Wifi yangu kaniletea vidonge vya atorvastatini anavyotumia mama yake, anataka nianze leo leo. Mwingine kasema niache mafuta yote mpaka nijifungue. Vidonge sijavigusa, lakini usingizi sina. Hii hali ni hatari kiasi gani kwangu na kwa mtoto? Na mbona mimba ya kwanza hakuna aliyenipima mafuta?

Tumaini Jema

Pole sana mpendwa. Sina utaalamu ila nakuombea, na hongera kwa kuuliza kabla ya kumeza. Wenye ujuzi wanakuja.

Mkunga Zamu ya Usiku

Mama Kijacho, vidonge mrudishie wifi, umshukuru kwa kukujali. Atorvastatini ni dawa nzuri kwa mama yake, si kwa tumbo lako la wiki 30. Kwa miaka mingi dawa za kundi hili, yaani statini, zilipigwa marufuku kabisa kwa wajawazito. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliomba lile katazo kali liondolewe kwenye maelezo ya dawa, kwa sababu kuna wachache wenye hatari kubwa mno ya moyo ambao daktari anaweza kuamua waendelee nazo. Mamlaka hiyo hiyo ikasisitiza kwamba wajawazito walio wengi waziache. Wewe hukuwa unazitumia, na trigliseridi siyo kazi kuu ya statini. Kwa hiyo hapo hakuna cha kujadili.

Sasa nikueleze kinachotokea mwilini, maana ukikielewa hofu nusu yake itaondoka. Miezi ya mwanzo mwili wa mama huweka akiba ya mafuta. Mimba ikishakua, kondo la nyuma linamwaga homoni zinazofanya mwili wa mama usiitikie insulini vizuri, na akiba ile inaanza kufunguliwa. Estrojeni nayo inalisukuma ini litoe mafuta mengi zaidi kwenye damu, wakati kimeng'enya kinachoyaondoa humo kimepunguza kasi. Lengo la yote haya ni mtoto: mama atumie mafuta kama nguvu, sukari impitie mtoto. Kolesteroli nayo ndiyo malighafi ambayo kondo la nyuma linaitumia kutengeneza projesteroni inayoshikilia mimba, na mtoto anaihitaji kujenga kuta za seli zake, ubongo ukiwemo.

Ndiyo maana miezi mitatu ya mwisho kolesteroli hupanda kwa asilimia 25 hadi 50, na trigliseridi hufika mara mbili hadi nne ya zilivyokuwa. Mishale kwenye karatasi yako imewekwa kwa kulinganisha na mtu asiye na mimba. Kolesteroli ya 7.9 wiki ya 30 hainishtui. Trigliseridi 5.2 iko kwenye ukingo wa juu wa tunachotegemea kwa wajawazito, na hiyo ndiyo ya kufuatilia.

Kuhusu mimba ya kwanza: kipimo cha mafuta hakimo kwenye vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito, kwa sababu hii hii kwamba karibu kila mjamzito atatoka juu. Hupimwa mwenye sababu: aliyekuwa na mafuta mengi kabla ya mimba, mwenye kisukari, mwenye historia kwenye ukoo, aliyewahi kuugua kongosho, au wewe ambaye damu yenyewe imejionyesha. Huyo fundi amekufanyia jambo kubwa.

Darubini

Mimi ni wa maabara. Naongeza mambo ya karatasi, maana hapo ndipo watu hupotea.

Mleta uzi, ulikuwa umekula? Kama ulikunywa kitu chenye sukari au ulikula saa mbili tatu kabla, trigliseridi zimeongezewa na chakula hicho. Kolesteroli haiyumbi sana kwa mlo mmoja, ila trigliseridi huyumba. Zikizidi 4.5 kwa mtu aliyekula, kawaida tunarudia akiwa amefunga usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji ya kunywa anaruhusiwa. Kwa mjamzito omba nafasi ya kwanza asubuhi na beba chakula mkononi, ule ukishatolewa damu tu.

Halafu hiyo LDL 3.8 usiitegemee. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, zinaikokotoa: kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseridi ukizigawa kwa 2.2. Fanya hesabu na namba zako utapata hiyo hiyo 3.8. Hesabu hii inaharibika trigliseridi zikipita 4.5. Ukirudia, waombe wapime LDL yenyewe kama mashine yao inaweza.

Na wengine mnaosoma: angalieni kipimio. Kuna karatasi zinazoandika kwa miligramu kwa desilita. Trigliseridi 5.2 ya dada huyu ni kama 460 huko, kolesteroli 7.9 ni kama 305. Nimeona mtu akilinganisha namba yake na ya rafiki yake, kila mmoja kwa kipimio chake, akarudi nyumbani analia.

Afya ni Mtaji

Mimi naungana na aliyesema aache mafuta yote. Mafuta kwenye damu yanatoka kwenye mafuta ya kula, logiki ni hiyo tu. Wiki 10 zilizobaki avumilie.

Mkunga Zamu ya Usiku

Afya ni Mtaji, nakuheshimu lakini hapana. Trigliseridi nyingi hutengenezwa na ini lenyewe, na malighafi inayolipatia kazi ni sukari na wanga uliokobolewa. Mtu anaweza kukwepa mafuta wiki nzima huku anakunywa soda na juisi, namba zikapanda. Mama Kijacho aanze na vinywaji vyenye sukari, aviache kabisa. Wanga ale kiasi, na ule wenye nyuzinyuzi. Mafuta ya wanyama na ya kukaangia apunguze, abaki na ya mimea yasiyogandamana. Samaki wenye mafuta mara mbili kwa wiki ni wema kwake na kwa mtoto, ila wale wakubwa wawindaji kama papa na nduaro awaache kwa sababu ya zebaki. Kutembea kila siku kama nusu saa, hasa baada ya kula, husaidia misuli kutumia mafuta yaliyoko kwenye damu, endapo kliniki haijamkataza.

Kula karibu bila mafuta kabisa kupo, lakini ni kwa waliofika namba za hatari, na hufanywa chini ya mtaalamu wa lishe. Mtoto anahitaji asidi za mafuta ambazo mwili haujitengenezei, na vitamini A, D, E na K husafiri pamoja na mafuta. Kumwambia mjamzito avumilie bila mafuta wiki 10 ni kumnyima mtoto.

Afya ni Mtaji

Nimekuelewa mkunga. Hilo la sukari sikulijua. Asante.

Baba Pacha

Naandika kwa sababu ya mke wangu, na naomba Mama Kijacho asome mpaka mwisho bila kuogopa.

Mimba ya mke wangu ilikuwa ya miezi minane. Akaanza kuumwa juu ya kitovu, chini ya chembe, maumivu yanapenya hadi mgongoni. Alikuwa hawezi kulala chali. Ahueni kidogo aliipata akikaa kitandani ameinama mbele, amekumbatia mto. Akatapika mpaka nyongo. Kituo cha kwanza walisema ni kiungulia cha mimba, wakampa dawa ya tumbo tukarudi. Usiku hali ikawa mbaya zaidi, tukaenda hospitali nyingine. Kule daktari alipovuta damu kwenye bomba la sindano alisimama akaitazama, kisha akauliza kama ana kisukari, kama kwao kuna mtu mwenye mafuta. Trigliseridi zilikuwa juu ya 20. Kongosho lilikuwa limevimba.

Walimsimamisha kula, akawekewa maji ya mshipa na insulini ya dripu pamoja na sukari ili isishuke, na walikuwa wanasikiliza moyo wa mtoto kila mara. Namba zikaanza kushuka. Mtoto alizaliwa njiti, akakaa chumba cha joto, akatoka. Sasa anakimbia nyumba nzima.

Ninachotaka kusema ni hiki: tungejua kwamba maumivu yale yana jina, tusingekubali kurudishwa nyumbani na dawa ya kiungulia.

Daktari wa Ndani

Baba Pacha, asante kwa kuandika. Nashukuru wako salama wote.

Nianzie hapo hapo. Kongosho kuvimba wakati wa mimba si jambo la kila siku, na kisababishi kinachoongoza ni mawe ya kwenye kifuko cha nyongo. Trigliseridi zinafuata. Hatari inakuwa kubwa zikipita 11.3, yaani 1,000 kwa kipimio kile kingine, na sisi huanza kushtuka na kufuatilia kwa karibu zikifika 5.6, yaani 500. Kwa hiyo Mama Kijacho yuko chini ya mstari wa 5.6, lakini karibu nao, na bado ana wiki ambazo namba kwa asili huendelea kupanda. Msimamo wangu: arudie kipimo akiwa amefunga ndani ya wiki hii, kisha arudie tena baada ya wiki chache, asisubiri kujifungua.

Wakati huo huo daktari wake atafute kinachosukuma namba. Sukari irudiwe, hata kama wiki ya 26 ilikuwa safi, kwa sababu ukinzani wa insulini huongezeka kadiri mimba inavyokua. Tezi ya shingoni ipimwe, maana ikizembea mafuta hupanda, na ni rahisi kutibu. Figo na ini pia, na dawa zote anazotumia zipitiwe.

Namba zikipita mstari tuna njia. Mafuta ya samaki ya kidaktari, omega-3 kwa dozi kubwa, ndiyo mara nyingi huanza. Fenofibrati hutumika kwa wachache baada ya miezi mitatu ya kwanza pale hatari ya kongosho inapozidi hatari ya dawa. Zikiwa juu kupindukia kuna kuchuja utegili, yaani yale maji ya manjano ya damu, kwa mashine. Dawa za kunasa nyongo tumboni kama kolestiramini haziingii kwenye damu ya mama, zinafaa kwa LDL, lakini kwa mwenye trigliseridi nyingi zinaweza kuzipandisha zaidi, kwa hiyo huyu si mtu wa kupewa.

Kuhusu uhusiano na matatizo mengine: wenye trigliseridi za juu kuliko kawaida ya mimba huonekana zaidi na presha ya mimba inayoelekea kifafa cha mimba, kisukari cha mimba, kujifungua kabla ya wakati na watoto wakubwa kupita kiasi. Kuonekana pamoja si lazima kimoja kizae kingine, mara nyingi vyote vina mzizi mmoja kwenye insulini na uzito. Lakini kwangu mimi inatosha kumfanya mama apimwe presha na protini kwenye mkojo kila anapofika kliniki bila kurukwa.

Hizi dalili usizilaze nyumbani: maumivu makali ya juu ya tumbo, yawe yanakwenda mgongoni au yako upande wa kulia chini ya mbavu, kutapika kusikokoma, kichwa kinachogonga na hakisikii dawa, macho kuona vimulimuli au giza, uso na mikono kuvimba ghafla, presha 140/90 au zaidi, mtoto kupunguza kucheza. Ukifika mapokezi sema mapema, "nina trigliseridi nyingi", na onyesha karatasi. Sentensi hiyo inambadilishia daktari wa zamu orodha ya anachokitafuta.

Mama Kijacho

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mungu awabariki. Darubini, kweli nilikuwa nimekula, na nilikunywa juisi nikiwa kwenye foleni. Vidonge nimerudisha.

Kuna kitu sikuandika mwanzo kwa sababu sikujua kama kinahusika. Baba yangu alifariki ghafla kwa moyo akiwa na miaka 44. Hakuwa mnene, hakuvuta sigara. Je, hii inaweza kuwa ya ukoo? Na mtoto wangu?

Daktari wa Ndani

Pole kwa msiba wa baba. Inahusika sana, na umefanya vema kuandika.

Kuna hali ya kurithi, kolesteroli ya ukoo, ambapo ini halina uwezo wa kutosha wa kuondoa LDL kwenye damu tangu mtu anazaliwa. Inampata takriban mtu 1 kati ya 250, na wengi wao hawajijui, hasa wembamba. Mwanamume akipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55 tunaitafuta kwa ndugu zake. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Picha ya namba zako haifanani nayo sana. Mwenye hali hiyo huwa na LDL ya juu mno huku trigliseridi zikiwa za kawaida, wewe ni kinyume. Lakini LDL yako ni ile ya kukokotoa, na mimba inachafua picha, kwa hiyo siwezi kuiondoa mezani. Pia zipo hali za ukoo zinazopandisha trigliseridi. Waambie kliniki wakuandikie historia ya baba kwenye kadi. Jipapase kano ya nyuma ya kisigino na za nyuma ya vidole vya mkono: zikiwa nene au zina vinundu, mwonyeshe daktari.

Hukumu yenyewe itatoka baada ya kujifungua. Trigliseridi hushuka haraka, wiki za mwanzo tu. LDL huchukua muda mrefu zaidi. Pima wiki ya 6 hadi ya 12, na kama bado iko juu rudia baadaye. LDL ya 4.9 au zaidi kwa mtu mzima asiye na mimba, pamoja na historia kama yako, inatosha kuanza uchunguzi wa ukoo mzima. Ndugu zako wa baba mmoja hawahitaji kukusubiri wewe, wao wapime sasa.

Tumaini Jema

Nami nauliza kwa niaba ya wengi: mtoto mwenyewe huzaliwa na mafuta mengi? Nimewahi kusoma kwamba mishipa ya mtoto huanza kuziba akiwa tumboni, nikakosa amani.

Mkunga Zamu ya Usiku

Damu ya kitovu ya mtoto mchanga huwa na kolesteroli kidogo sana ukilinganisha na ya mama, hata mama akiwa juu. Kondo la nyuma halifungui mlango tu mafuta yakamwagika upande wa pili.

Ulichosoma nadhani ni kazi ya watafiti wa Napoli, Italia, miaka ya 1990. Walikuta michirizi ya mafuta kwenye mshipa mkuu wa vijusi, mingi zaidi pale mama alipokuwa na kolesteroli nyingi. Mwaka 1999 wakachapisha kwenye jarida la Lancet uchunguzi wa watoto waliofariki, wakaona michirizi hiyo hukua haraka zaidi kwa watoto wa mama waliokuwa na kolesteroli nyingi wakati wa mimba, ingawa watoto wenyewe kolesteroli yao ilikuwa ya kawaida. Ni kazi ya kuiheshimu. Lakini mchirizi si mshipa uliozibwa. Ninachokichukua mimi ni kwamba mwanamke mwenye kolesteroli nyingi aitunze kabla ya kubeba mimba, na mtoto wake alelewe kwa chakula kizuri, mwendo na bila moshi wa sigara.

Siku ya kuzaliwa, ninachokiangalia kwa mtoto wa mama kama huyu ni uzito na sukari. Mtoto mkubwa anaweza kukwama mabega, kwa hiyo makadirio ya uzito yafanyike mwishoni na mahali pa kujifungulia pawe na watu wa kutosha. Akishatoka, awekwe kifuani, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Akiwa mkubwa, njiti au mama ana kisukari, tunamchoma kisigino kupima sukari, kwani alizoea kupewa nyingi na kamba ya kitovu ikikatwa inaweza kushuka. Mtoto anayetetemeka, aliyelegea au asiyetaka kunyonya, mwite muuguzi papo hapo.

Na ikithibitika kwamba kolesteroli ya ukoo ipo, mtoto huweza kupimwa kuanzia miaka 2.

Mama Kijacho

Swali la mwisho. Kama baada ya kujifungua wataniona nahitaji statini, itabidi nimwachishe mtoto kunyonya? Huyu wa kwanza alinyonya muda mrefu na ningependa na huyu iwe hivyo.

Daktari wa Ndani

Statini na kunyonyesha haziendi pamoja kwa maelekezo ya sasa, ila kwa mtu wa hali yako haraka haipo. Kolesteroli hujeruhi mishipa kwa miaka mingi, na kuichelewesha dawa kwa miezi ya kunyonyesha mara nyingi kunakubalika, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo tayari. Tena kunyonyesha kwenyewe kunaharakisha trigliseridi kushuka, kwa kuwa mwili huchukua mafuta ya damu ukayatia kwenye maziwa. Kama trigliseridi zitagoma kushuka tutazungumzia omega-3, nayo inakubaliana na kunyonyesha. Unapopanga uzazi wa mpango mweleze mhudumu kuhusu trigliseridi, kwa sababu vidonge vyenye estrojeni vinaweza kuzirudisha juu. Vipo vya homoni moja na vipo visivyo na homoni kabisa.

Majibu ya kipimo cha kufunga ukiyapata yaweke hapa pamoja na kipimio chake, tuyasome.